Mama Nasra, nakutumia chupa saba

Usa River, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Nasra,

Salamu nyingi kutoka huku Meru. Natumaini wewe, Shemeji na watoto mu wazima. Sisi hatujambo. Mvua imetuchelewesha kuvuna maharage, ila tunashukuru Mungu. Mama anakusalimu, na mpaka leo anakuita kwa lile jina la bwenini. Najua nimekuwa kimya tangu msiba wa Mwalimu, na mara mbili ulipiga sikupokea. Nisamehe sana, tukionana nitakueleza yote. Leo nimekaa kuandika kwa sababu nina ombi, na ombi lenyewe linamhusu Shemeji na maabara yake.

Ni habari ya Elisante wa kaka. Mwezi uliopita niliingia jikoni nikamkuta amechuchumaa mbele ya chujio langu la mkaa wa mifupa, bisibisi mdomoni. Amefunga kiboksi kwenye bomba la ndoo. Ndani kuna kigurudumu alichokitoa kwenye mita ya maji mbovu, betri ya simu ya zamani, na taa mbili ndogo. Maji yakipita kigurudumu kinazunguka, kiboksi kinahesabu lita, taa ya kijani inawaka. Zikifika lita alizopanga, kijani inazimika na nyekundu inawaka. Nikamuuliza ya kazi gani. Akanigeuzia swali: "Shangazi, mkaa wa humu ulichoka lini?"

Mama Nasra, sikuwa na jibu. Unajua mkaa ule unavyofanya kazi: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo mpaka inakuwa myeusi, inasagwa chenga, maji yakipita floraidi, ile madini ya maji yetu inayotia meno madoa, inang'ang'ania kwenye chenga. Lakini chenga zina mwisho wake. Zikishajaa, floraidi inapita moja kwa moja kwenye kikombe, na maji yanabaki meupe vilevile, ladha ileile. Mimi nilikuwa nabadilisha mkaa nikikumbuka, au nikipata hela. Eliya ana miaka mitatu. Meno yake ya ukubwani yanajengeka sasa hivi ndani ya ufizi, na yakishatoka na madoa hakuna chujio litakaloyarudisha. Usiku ule sikulala.

Unaikumbuka picha yetu ya kumaliza kidato cha nne? Ninayo hapa mezani. Wewe wa Tanga umecheka mpaka gego la mwisho linaonekana. Sisi wa Meru wote, mstari mzima, tumefumba midomo kama tuliopewa amri. Hakuna aliyetuamrisha. Nilijifunza kucheka na kiganja mdomoni kabla sijajua kusoma, na siku ya harusi yangu mpiga picha alinibembeleza mpaka akachoka. Sitaki Eliya ajifunze hivyo.

Sasa basi. Elisante anataka kupeleka kiboksi chake kwenye ile tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Ndiyo ile aliyoshinda Dkt. Askwar Hilonga mwaka 2015, mshindi wa kwanza kabisa, kwa chujio lake la nano, yaani lenye chembe ndogo mno zinazonasa uchafu. Nilipomkumbusha Mama kwamba yule ni kijana wa Karatu, wa kijiji cha Gongali, aliyekuwa akifundisha pale chuo cha Nelson Mandela Arusha, alisema, "Kumbe ni wa hapahapa." Ndivyo alivyosema Elisante pia, na nadhani ndicho kilichompa moyo. Hilonga alikulia kwenye maji mabaya kama sisi, akaenda kusomea udaktari wake Korea Kusini, akarudi na jibu la maji ya nyumbani.

Nimezisoma habari za tuzo hiyo kila nilipopata bando. Mwaka 2018 alishinda Brian Gitta wa Uganda, kijana wa miaka 24, kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu. Unaweka kidole, mwanga mwekundu unapita. Alikianza kwa sababu yeye mwenyewe alipimwa damu mara kadhaa kabla malaria yake haijaonekana. Mwaka 2022 akashinda Norah Magero wa Kenya, kwa friji ndogo ya chanjo inayotumia umeme wa jua na kubebeka mpaka kwenye pikipiki. Mwaka 2024 Mkenya mwingine, Esther Kimani, kwa kifaa chenye kamera kinachotambua wadudu na magonjwa shambani na kumtumia mkulima ujumbe. Wote hao wameanzia kwenye shida waliyoiona kwa macho yao. Hilo linanigusa sana.

Hapa kila mtu anauliza hela. Ni kweli zipo, Hilonga alipewa pauni 25,000 na Esther 50,000. Mimi ninachokitamani zaidi ni yale mafunzo. Kwa miaka waliyoiendesha wamekuwa wakichagua watu kama 16, wanawalea miezi minane na washauri, wahandisi na watu wa biashara, kisha wanne wa mwisho wanasimama mbele ya majaji. Miezi minane ya kuulizwa maswali magumu na mtu anayekutakia mema! Elisante hajawahi kupata hata saa moja. Alipeleka kiboksi kwenye ofisi fulani hapa mjini, akaambiwa ni mwanasesere, na hawakukifungua hata kifuniko. Alikaa siku tatu hakushika bisibisi. Mpaka naandika hivi roho inaniuma.

Lakini lile swali la kweli bado lipo, Mama Nasra, na ndilo linalonifanya nikuandikie. Kiboksi hakipimi floraidi. Kinahesabu lita tu. Taa nyekundu inawaka kwa lita ambazo Elisante alitajiwa na muuza mkaa, "kama elfu mbili hivi". Hivi! Chemchemi ya kwetu na kisima cha kwa Mama Neema si maji mamoja, kila sehemu ina floraidi yake, kutegemea maji yamepita kwenye mawe gani ya mlima. Ndiyo maana hata chujio la Hilonga linarekebishwa kulingana na maji ya mahali. Kwa maji yetu sisi, nyekundu iwake kwenye lita ngapi? Ikichelewa, tumemdanganya mama mwenye mtoto kwa taa ya kijani. Nimemwambia Elisante fomu isiende kabla hatujapata jibu, na amekubali, ingawa kwa shingo upande.

Kwa hiyo ametengeneza chujio jipya nyumbani kwao, akapitisha maji mchana na usiku, akawa anakinga. Chupa ya kwanza ni maji ya chemchemi yenyewe. Nyingine sita ni baada ya lita 300, 600, 900, 1,200, 1,500 na 1,800. Zote ni za plastiki, amekataa kabisa kioo, anasema kioo kinaharibu kipimo cha floraidi. Nimeandika namba kwa kalamu ya wino mzito na kufunika vizibo kwa selotepu. Zitapanda basi la Jumanne asubuhi, nitakupigia nikishajua konda ni nani.

Mama hajaacha kuchemsha maji akiamini dawa ndiyo hiyo. Nimemweleza kwamba floraidi haichemki ikaondoka, maji ndiyo yanayopungua. Na makande yake bila magadi hayali, wakati magadi nayo yana floraidi... basi, hilo nitapambana nalo mwenyewe.

Sasa niambie. Shemeji anaweza kutupimia, na itakuwa shilingi ngapi? Usiniambie bure, najua maabara ina gharama zake. Majibu yatachukua siku ngapi? Kiwango tunachokitafuta ni floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na yeye anatumia hichohicho? Chupa saba zinatosha au arudie na chujio lingine? Na wewe, Kiingereza chako bado kipo kama zamani? Fomu ni ya Kiingereza, Elisante anaandika vizuri ila anajieleza kwa woga, kila sentensi anaomba radhi. Utaisoma? Nasra keshaanza chuo? Goti lako je? Mtakuja Desemba?

Nijibu hata kwa mistari miwili.

Wako,
Anna, Mama Eliya

Chupa namba 1, ya maji ya chemchemi, imevuja kidogo juu, Elisante anaikinga upya usiku huu.