Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Mgeni wa siku elfu kumi

Kwa Mheshimiwa Waziri anayesimamia masuala ya uraia na uhamiaji,
Jamhuri ya Uganda.

YAH: KUPOKELEWA KWA FOMU YANGU YA MAOMBI YA URAIA WA TAJNISI (URAIA APEWAO MGENI KWA KUOMBA)

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima ninakusalimu, nikitumai kwamba barua hii itakufikia ukiwa na afya njema. Barua zangu mbili za kwanza nilizituma kwa njia ya kawaida, ndani ya bahasha, na hazikujibiwa; hii ya tatu nimeona niiandike mbele ya watu, ili ikipotea nayo angalau pawe na mashahidi.

Wiki iliyopita, kwa mara ya tatu mwaka huu, nilitoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale jioni, nikapanda basi la usiku pale Mbarara, nikafika Kampala alfajiri. Nilinawa uso kwenye bomba la kituo cha mafuta, nikabadili shati, na saa mbili kamili nilikuwa mtu wa nne kwenye foleni ya ofisi moja ya serikali. Mkononi nilikuwa na bahasha ya kaki yenye fomu, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), vyeti vyangu vyote kuanzia cha darasa la saba hadi cha chuo cha ualimu, na kitambulisho changu cha mkimbizi. Karani aliisoma fomu kwa utulivu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka alipokifikia kitambulisho. Hapo aliweka kalamu chini, akaisukuma bahasha nzima kuelekea kwangu kwa ncha ya kidole kimoja, akasema, "Wewe ni mkimbizi. Mkimbizi hukaa kwa muda tu, kisha hurudi kwao." Nilimuuliza kwetu ni wapi. Akatazama nyuma yangu na kuita, "Anayefuata."

Kwa kuwa karani hakunijibu, naomba nikuulize wewe, Mheshimiwa. Mama yangu alivuka mpaka wa Bunagana, kutoka Kongo kuingia Uganda, mwishoni mwa mwaka 1996, vita vya kumng'oa Mobutu vilipoanza, akiwa na sufuria moja mkononi na kaka yangu mgongoni. Mimi nilizaliwa Nakivale mwezi Machi 1998. Kongo sijaikanyaga hata siku moja. Naijua kwa masimulizi ya mama na kwa redio, na redio hiyo hiyo ndiyo iliyotuambia kwamba Bunagana ilitwaliwa na waasi wa M23 Juni 2022, na Goma Januari 2025. Huko ndiko ninakoambiwa "kwetu". Mke wangu naye alizaliwa hapa hapa, na binti yetu, aliyetimiza miaka miwili juzi, naye kazaliwa hapa. Karatasi ya familia yetu ina vizazi vitatu, na mbele ya kila jina limeandikwa neno lile lile.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda iliifuata methali hiyo kwa vitendo, nami nitakuwa mtovu wa shukrani nisipolitamka hilo: mama alipewa kiwanja, akapewa na jembe, akalima mahindi na maharage yaliyotusomesha. Nchi chache duniani zinamruhusu mkimbizi kulima, kufanya kazi na kutembea apendako, kama Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inavyoturuhusu. Ila methali haikusema siku ya elfu kumi mgeni aitweje. Nimepiga hesabu, Mheshimiwa, kwa sababu ndiyo kazi ya mtu anayesubiri: siku yangu ya elfu kumi ilipita mwishoni mwa Julai 2025. Nilikuwa darasani, nikiwafundisha watoto wa Isingiro ngeli ya KI-VI.

Maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Lugha hii ilitangazwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri, ambalo wewe ni mmoja wao, liliamua kuwa kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Taifa linatafuta walimu wa lugha yake rasmi, na mwalimu anatafuta taifa. Ningedhani tungekutana mahali.

Sasa nije kwenye sheria, maana sikuja Kampala kuomba huruma. Sheria ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji inamtaka anayeomba uraia wa tajnisi awe ameishi Uganda kwa jumla ya miaka 20, awe amekuwapo mfululizo kwa miezi 24 kabla ya kuomba, awe na tabia njema, na awe anajua Kiingereza au lugha ya wenyeji iliyokubaliwa. Miaka ninayo zaidi ya 27. Kiingereza ninacho, na Kinyankole naotea ndoto. Najua kwamba Katiba, katika ibara ya 12, inawanyima uraia wa kuandikishwa wale ambao mzazi au babu yao alikuwa mkimbizi, kwa hiyo mlango huo sikuugonga. Niligonga ule mwingine. Na mwaka 2015 Mahakama ya Katiba, ilipoulizwa kuhusu watu kama sisi, ilisema mlango huo wa tajnisi uko wazi kwetu. Imepita miaka kumi tangu hukumu hiyo, na karani wako bado hajaisikia. Ofisi inayohusika na wakimbizi iliniambia kwamba uraia si kazi yake. Ofisi inayohusika na uraia ikaniambia kwamba wakimbizi si kazi yake.

Kuna kifungu kimoja cha Katiba ambacho huwa sikisomi usiku. Ibara ya 11 inasema kwamba mtoto asiyezidi umri wa miaka mitano, akiokotwa ndani ya Uganda na wazazi wake wasijulikane, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Ni kifungu chema, sikilaumu. Lakini tafakari maana yake kwa binti yangu, Mheshimiwa. Kosa lake ni kwamba wazazi wake wanajulikana. Ningemtupa kando ya barabara ya Mbarara nikakimbia, angekuwa Mganda kabla ya jua kuchwa. Kwa kuwa nimemlea, ni mkimbizi.

Utaniuliza, kama wanavyoniuliza wenzangu, kwamba mbona nalalamika wakati hakuna anayenifukuza. Nilikuwa na miaka 12 mwezi Julai 2010, Wanyarwanda wapatao 1,700 walipopakiwa kwenye malori kwa nguvu kutoka Nakivale na makazi mengine ya Kyaka na kurudishwa Rwanda. Walikuwa wameitwa wakusanyike, nao wakaja bila wasiwasi, kama tunavyokuja sote tukiitwa. Jirani yetu mmoja aliacha chungu cha maharage jikoni. Mama aliyatoa jioni ya siku ya pili, yakiwa yameungua na kushikamana na chungu, akaketi akakikwangua mpaka usiku. Tangu siku hiyo, tukiitwa kuhesabiwa, mama hupika mapema. Mtu mwenye uraia hukasirika akiitwa na serikali. Sisi hujiuliza tuvae viatu gani.

Halafu Agosti 2025 tukasikia kwamba serikali yetu (niruhusu niiite yetu) imekubaliana na Marekani kuwapokea watu wa nchi nyingine wanaofukuzwa huko, kwa mpango ulioelezwa kuwa wa muda. Sina kinyongo nao. Mtu anayefukuzwa namwelewa kuliko wengi wanavyomwelewa. Ila nilijiuliza, je, naye ataambiwa "anayefuata" kwa miaka 27?

Sababu za haya yote sizijui, nakisia tu, na unisahihishe nikikosea. Labda mnahofia ardhi, labda kura, labda mnahofia kwamba akipewa mmoja watakuja wote milioni moja na zaidi. Kuna wakati nawaza vibaya zaidi: kwamba mkimbizi ana wafadhili na raia hana, kwa hiyo tuna faida zaidi tukibaki kama tulivyo. Juni 2017 dunia nzima ilikuja kwenye mkutano wa Munyonyo, Kampala, kuisifu Uganda kwa ajili yetu, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akiwamo. Tulipiga makofi. Jirani zetu Tanzania waliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 walioingia mwaka 1972 na watoto wao, na Tanzania haikuzama ziwani.

Nilipoanza barua hii nilitaka niombe Katiba irekebishwe. Kisha nikasema hapana, niombe waraka uende kwenye ofisi zote ukieleza hukumu ya mwaka 2015. Yote mawili bado nayataka, lakini najua safari zake ni ndefu na mama yangu ana miaka 61. Kwa hiyo naomba moja. Fomu yangu ipokelewe. Sijasema ikubaliwe, ikataliwe kama kuna sababu, lakini sababu iandikwe, nami nipate nakala yenye muhuri na tarehe, ili siku yangu ya kusubiri ianze kuhesabiwa na mtu mwingine asiyekuwa mimi.

Nitapanda basi tena Jumapili ijayo usiku. Jumatatu saa mbili nitakuwa kwenye foleni ile ile, na bahasha ile ile ya kaki. Tafadhali mwambie karani.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa Kiswahili,
mzaliwa wa Nakivale, Wilaya ya Isingiro.