Barua ya wazi kwa dada yangu: ile namba kwenye majibu ya damu

Dada yangu mpendwa,

Tangu sikio lako lizime ghafla, ile namba uliyoizungushia kalamu, uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti (aina mbili za chembe nyeupe za damu), inakunyima usingizi bure kwa kudhani inasema kama utapona. Kabla hatujaigusa, nijibu hili: prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya sikio, ulianza lini?

Nauliza kwa sababu vidonge hivyo huwatoa neutrofili kwenye kuta za mishipa na kuwamwaga kwenye damu, huku limfosaiti wakipungua. Hayo hutokea ndani ya saa chache. Kama damu ilichukuliwa baada ya kidonge cha kwanza, karatasi hiyo inakueleza habari za dawa, si za sikio. Jino lenye usaha, mafua makali, hata sigara, navyo huipandisha namba hiyo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua picha nzima ya damu, gawanya idadi ya neutrofili kwa idadi ya limfosaiti: 6.0 kwa 1.5 ni 4. Usigawanye asilimia kwa idadi. Hapo ndipo wengi hukosea, wakapata namba ya kutisha isiyo na maana.

Ni kweli kwamba katika tafiti nyingi za watu waliopoteza usikivu ghafla, wasiopona walikuwa na uwiano mkubwa kuliko waliopona. Lakini hayo ni makundi ya watu. Wenye 5 wamepona na wenye 2 wamebaki vilevile, na hakuna kiwango kilichokubalika cha kusema hapa ndipo matumaini yanakatika. Kinachotabiri zaidi ni ukubwa wa upotevu wenyewe wa usikivu, kizunguzungu kikali mwanzoni, umri, na siku zilizopita bila tiba. Hizo siku ndizo pekee zilizo mikononi mwako.

Kwa hiyo usisubiri majibu ya damu. Fumba mdomo, uvume "mmm". Mvumo ukihamia sikio lenye afya, huenda sikio la ndani ndilo lililoumia; ukihamia sikio bovu, huenda ni nta au maji tu. Hata hivyo jibu la uhakika ni audiogramu, yaani chati ya kipimo cha usikivu: usikivu kushuka desibeli 30 au zaidi kwenye masafa matatu ya sauti yanayofuatana, ndani ya saa 72. Steroidi huanzwa mapema, ndani ya wiki 2. Kwa mtu mzima, kwa kawaida ni miligramu 1 kwa kilo ya mwili kwa siku, isizidi miligramu 60, kwa siku 7 hadi 14, kisha inapunguzwa polepole. Dozi yako aipange daktari, na sukari yako ipimwe, maana dawa hii huipandisha. Usikivu usiporudi, muulize kuhusu sindano ya steroidi kupitia ngoma ya sikio. Hutolewa kati ya wiki ya 2 na ya 6 tangu sikio lizime. MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa kwa sumaku, nayo usiikwepe, hata ukipona: uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia huweza kuanza hivihivi.

Leo andika mambo matatu: saa sikio lilipozima, saa ya kidonge cha kwanza, saa damu ilipochukuliwa. Kesho mpe daktari wa masikio karatasi hiyo pamoja na audiogramu.