Mnaokodisha baiskeli za umeme, tuambieni ukweli wa betri

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Naomba nafasi kidogo niseme na wenzetu wanaokodisha zile baiskeli za umeme za milimani kwenye visiwa vya misitu, na wateja pia, maana nimerudi wiki iliyopita na hili jambo bado linanikaa rohoni.

Kwanza hizi baiskeli nazipenda sana. Kisiwa chenye msitu ukipita na gari huoni kitu, ukienda kwa miguu unachoka hujafika popote, lakini na baiskeli ya umeme unapita taratibu chini ya miti, ukikuta mlima unakanyaga pedali kama kawaida na mota inakuongezea nguvu, yaani unahisi kabisa kuna mtu anakusukuma mgongoni. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima, magoti yanamsumbua, kapanda mpaka kilele ambako unaiona bahari pande zote, kasimama pale anatabasamu peke yake.

Shida yangu ni betri. Nilipochukua baiskeli nikauliza inafika umbali gani, nikaambiwa kilometa 80, nikapewa helmeti na ramani nikaondoka. Hakuna aliyeniambia kwamba hizo 80 ni za njia tambarare, tena mpandaji awe mwepesi na aweke ile hali ya kubana chaji. Mimi niliweka turbo, yaani ule msaada wa mota wa juu kabisa, tangu mwanzo kwa sababu sikujua, njia yenyewe udongo na mizizi, matope yananata kwenye tairi. Kilometa ya 27 mota ikazima, mlima uko mbele yangu, jua linashuka na boti ya mwisho iko upande wa pili wa kisiwa.

Sasa nyingi ya baiskeli hizi zina kilo 20 hadi 25. Mota ikifanya kazi uzito huo husikii, ikizima ndo unaujua. Kile kitufe cha kukusaidia unapoisukuma huku unatembea nacho kinatumia betri hiyohiyo, kwa hiyo nacho kimekufa. Nikashika usukani mkono mmoja na kiti mkono wa pili, gurudumu la mbele linagonga mzizi linageuka, nasukuma hatua kumi napumzika, nasukuma tena. Boti niliikosa.

Baadaye nikapiga hesabu. Betri nyingi za aina hii zina kama wati-saa 500, hicho ndicho kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri. Mtu na baiskeli yake wakifika kilo 100, kuwapandisha mita 500 kwenda juu kunataka karibu wati-saa 136, na hapo hujahesabu umeme unaopotea kwenye mota kama joto, wala matope, wala upepo wa baharini. Ni kweli miguu nayo inachangia ila ukiwa turbo inachangia kidogo. Milima mitatu hivi betri iko hoi, na usidhani ukishuka inajichaji, baiskeli zenye mota pale kwenye pedali kwa kawaida hazirudishi chaji kwenye mteremko. Halafu betri ya kukodisha inachajiwa kila mara, inazeeka mapema, ile namba iliyoandikwa ubavuni mwake sio iliyobaki ndani.

Kwa hiyo wenye baiskeli nawaomba mkiulizwa umbali msitaje kilometa peke yake. Mwambieni mteja njia hii inapanda mita ngapi, na wekeni alama kwenye ramani, ukifika hapa na chaji iko chini ya nusu geuza urudi, maana msituni huko mara nyingi hata simu haishiki mtandao umpigie nani. Na betri ikichoka itoeni, msimpe mtu anayeelekea mlimani.

Sisi wateja nasi tuulize. Anza na msaada mdogo, turbo iache kwa ule mlima mkali tu, na weka gia nyepesi ukanyage harakaharaka, ukikanyaga taratibu kwenye gia nzito mota inahangaika na chaji inakwenda bure.

Yule mama nilikutana naye tena asubuhi yake bandarini, alikodi kwa mtu mwingine. Alikuwa amezunguka kisiwa karibu chote na akarudisha baiskeli ina chaji zaidi ya theluthi. Nikamuuliza umewezaje, akasema kijana aliyempa baiskeli alitembea naye kidogo, akamwonyesha kitufe cha turbo na kumwambia mama yangu hiki usikiguse mpaka uone mlima wa kukutoa jasho. Haikuchukua hata dakika tano.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.