Visu vya kambi yetu ya Kondoa

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Wengi mmeniuliza kama mnunue kisu kikubwa au kidogo kwa ajili ya kambi yetu ya msituni Kondoa, nami nawasihi msikimbilie kikubwa. Kazi nyingi za kambini, yaani kumenya viazi, kukata kamba, kuchonga vigingi vya hema na kuchana vijiti vya kuwashia moto, hufanywa vizuri zaidi na kisu chenye makali ya sentimita 10 hivi, kwa sababu hutii mkono na hakichoshi upesi. Kabla ya kulipa, tazameni mpini: chuma kipite ndani yake hadi mwisho, kwani safari iliyopita kisu changu kilichopachikwa kijuujuu kilichomoka nikipasua kijiti, nikabaki na mpini mkononi na jeraha gotini. Kisu cha kukunja kinafaa kwa chakula, lakini msikitumie kupasulia kuni.

Mapanga tutabeba mawili tu kwa kundi zima, nami nitayatunza. Ni ya kufyeka nyasi mahali pa kusimika mahema na kukata matawi makavu yaliyoanguka, maana mti mbichi hatutaugusa. Mgunga mkavu ni mgumu, na panga butu huteleza juu yake likaelekea mguuni, kwa hiyo nitakuja na tupa ya kunolea.

Kila kisu kiwe na ala yake, hata ya boksi gumu lililozungushiwa selotepu, na kiwekwe ndani kabisa ya begi, kwa kuwa kwenye basi tutakaa tumebanana na watoto.