Kisamaki cha kermesi si puto

Bwana Mhariri,

Niko naandika juu ya habari mulitoa ya kermesi (feti za michezo na zawadi) zetu za hapa Bukavu, kwenye batoto banashinda visamaki vyekundu ndani ya sashe. Muchezo siupingi, lakini ile samaki inaweza kuishi miaka 10 na zaidi kama inachungwa muzuri, tena inakomaa kupita kiganja cha mukono, sasa banaitia mu bokali ya mayonezi, mavi yake inatoa amonia, maji inageuka sumu, siku chache imekufa, mutoto analia, papa anasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu gani tena!

Benye kupanga kermesi bapeane hata kakaratasi: beseni kubwa, maji ya robine ilale kwanza siku moja ili klorini (dawa ya kuua mikrobe) itoke, chakula kidogo, na kubadilisha sehemu ya maji, hapana yote mara moja. Na mukichoka ile samaki musiitupe mu Ziwa Kivu, ni mugeni kule (sambaza, tule tusamaki tudogo, nayo ilitoka Ziwa Tanganyika, najua, lakini ile bataalamu ndio baliileta). Kule England na Wales sheria ya 2006 inakataza kumupa mutoto wa chini ya miaka 16 munyama ya zawadi kama hana mukubwa pembeni. Na hapa, muzazi akubali kwanza mbele sashe itoke.

Musomaji wenu, Bukavu