Ukarabati wa majengo Ulaya usimwelemee mpangaji

Mhariri,

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2024 linazitaka nchi wanachama zipunguze kwa asilimia 16, ifikapo 2030, wastani wa nishati inayotumika katika nyumba za makazi ikilinganishwa na 2020. Lengo ni jema, kwani majengo hutumia takriban asilimia 40 ya nishati ya umoja huo, na mengi ni ya zamani, yenye madirisha ya kioo kimoja na kuta zisizozuia baridi. Lakini nani atalipa? Nchini Ujerumani mwenye nyumba anaruhusiwa, japo kwa kikomo, kupandisha kodi ya mwaka kwa asilimia 8 ya gharama za maboresho hayo, nyongeza ambayo nafuu ya bili ya gesi haiifidii kila mara. Ruzuku za serikali zianzie kwa wapangaji wa kipato cha chini.

Msomaji wenu,
Ujerumani