Barua kwa Neema: Ni kweli, ninajifunza kuigiza

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Mpendwa Neema,

Habari za huko, za kazi na za nyumbani? Mama anaendeleaje na miguu? Mfikishie shikamoo yangu, mwambie sijamsahau.

Barua yako niliipata Jumatano. Unauliza kama ni kweli ulichosikia kwa watu, kwamba mimi, mtu mzima wa miaka 47, nesi, Jumanne na Alhamisi nikitoka zamu sirudi nyumbani moja kwa moja, ninakwenda kujifunza kuigiza. Ni kweli, shoga yangu. Huu ni mwezi wa saba tangu nianze. Sikukwambia mapema kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na cha kukueleza, na sasa ninacho.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa hospitali nyingine, si hii ya sasa, ilinibidi nimpe mama mmoja taarifa kwamba mtoto aliyemzaa alfajiri hakuwa hai. Tulikuwa manesi wawili kwa wodi nzima. Nilisimama pembeni ya kitanda nikasema yote tuliyofundishwa kusema, kwa mpangilio wake. Nilipomaliza, yule mama akaniuliza taratibu: "Nesi, unaongea na mimi?" Ndipo nilipogundua kuwa muda wote macho yangu yalikuwa kwenye faili. Nilimpa pole, nikamwita daktari, nikaendelea na zamu. Lakini swali lile nimelala nalo miaka.

Mwaka huu mwanzoni nikaona karatasi imebandikwa kwenye nguzo kituoni Buguruni: darasa la kuigiza kwa watu wazima, kwa jukwaa, kamera na maisha ya kila siku. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonisimamisha. Daladala yangu ikaja, ikaondoka, mimi bado ninanakili namba ya simu.

Tunakutana Ilala, chumba cha juu cha duka la vitambaa. Feni moja, mkeka, viti vya plastiki, na honi za barabarani zinaingia dirishani kama zimealikwa. Tuko 14. Yupo dereva wa lori, yupo wakili kijana ambaye kifua kinambana akisimama mahakamani, wapo wasichana wawili wanaotafuta nafasi kwenye tamthilia za televisheni, yupo mama lishe wa pale pale sokoni, yupo baba mstaafu aliyefiwa na mkewe na hataki kukaa peke yake jioni. Mwalimu ni kijana aliyesoma Bagamoyo, pale kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, ambacho sasa kinaitwa TaSUBa. Alitupeleka siku moja kuona vijana wa pale wakifanya mazoezi. Tulirudi usiku na hakuna aliyesinzia kwenye gari.

Mimi nilidhani tutafundishwa kulia. Neema, mwezi wa kwanza mzima hatukupewa hata mstari mmoja wa kusema. Tulifundishwa kumwangalia mtu.

Zoezi lenyewe ni hili. Watu wawili wanakaa kwenye viti, magoti yamekaribiana. Mmoja anasema jambo moja analoliona kwa mwenzake, jambo la kweli tupu. Mwenzake analirudia. Basi, mnarudishiana hivyo hivyo mpaka mwalimu awasimamishe. Alilibuni mwalimu mmoja wa New York, Sanford Meisner, aliyefundisha waigizaji huko miaka mingi. Mimi nilipangwa na dereva wa lori. Nikamwambia, "Una kovu juu ya jicho." Akasema, "Nina kovu juu ya jicho." "Una kovu juu ya jicho." "Nina kovu juu ya jicho." Mara kumi, mara ishirini. Nilianza kuona aibu, nikawaza ugali wa watoto, nikawaza nauli. Halafu, sijui ilikuwa mara ya ngapi, akasema "Nina kovu juu ya jicho" na sauti ikashuka. Maneno yalikuwa yale yale, ila sasa nilisikia kwamba kuna mtu alimpiga. Nami niliporudia, sauti yangu ilikuwa imeshabadilika kabla sijaamua kuibadilisha. Mwalimu akasema, "Hapo. Hapo hapo ndipo tunapopatafuta."

Tazama neno letu lenyewe, kuigiza. Limetoka kwenye kuiga, na kwa hiyo wengi tunafika darasani tukiamini kazi ni kumwiga mlevi, kumwiga bibi kizee, kumwiga tajiri. Nimekuja kuona kwamba nusu ya kazi, na pengine zaidi, ni kupokea. Mwenzako amekupa nini sasa hivi, kwa jicho, kwa pumzi, kwa kunyamaza? Ukipokea kweli, jibu linakuja lenyewe. Usipopokea unabaki unasoma faili.

Mwezi wa pili ndipo tukaingia kwa yule Mrusi, Stanislavski, aliyeanzisha na mwenzake jumba la michezo ya kuigiza Moscow mwaka 1898. Swali lake kubwa kwa mwigizaji ni: kama mimi ningekuwa kwenye hali hii, ningefanya nini? Mwalimu akaandika ubaoni herufi tatu tu, "-nge-", akazichora duara. Sisi tunazo tayari ndani ya kitenzi! Huhitaji kujidanganya kuwa wewe ni mama wa mtoto aliyepotea sokoni. Unajiuliza ningefanya nini, kisha unakifanya: unaangalia chini ya meza, unamshika muuza nyanya mkono, unaita jina. Machozi yakija yaje, yasipokuja hukuyafuata hayo.

Hapa kuna jambo ninalishikilia kwa nguvu. Wapo walimu, hasa Marekani, wa mkondo wa Lee Strasberg, waliomtaka mwigizaji afukue kumbukumbu zake mwenyewe ili apate hisia ya mhusika. Mwigizaji mwenzao Stella Adler alikwenda Paris mwaka 1934 kumwona Stanislavski uso kwa uso, akafanya naye kazi kwa wiki kadhaa, akarudi akiwaambia kwamba mzee mwenyewe sasa anategemea zaidi matendo na hali ya mhusika. Siku msichana mmoja darasani alipotaka kutumia kifo cha baba yake ili alie mbele ya kamera, mwalimu alikataa, na mimi nilimuunga mkono waziwazi. Nimefunga vidonda maisha yangu yote. Kidonda hakifunuliwi kama hujaandaa cha kukifunika.

Kamera nayo ina adabu yake. Mwalimu anatumia simu kwenye stendi, kisha tunajitazama kwenye televisheni. Jukwaani uso lazima umfikie aliyekaa nyuma kabisa. Kwenye picha ya karibu kufikiri tu kunatosha, jicho linaonyesha. Na kuna nidhamu ya mikono ambayo sikuwa naijua kabisa. Ukinyanyua kikombe kwenye neno "kesho", basi kila wakirudia sini unakinyanyua kwenye "kesho", kwa mkono ule ule, la sivyo mhariri hawezi kuunganisha vipande. Sasa nikiangalia tamthilia ninatazama vikombe. Wale wasichana wawili wanajifunza pia usaili: kutaja jina na umri bila kuomba radhi kwa macho, kugeuka kushoto na kulia, kutazama alama iliyo pembeni ya kamera na si kamera yenyewe. Mimi hilo sihitaji, lakini nimependa kuona mabega yao yanavyoteremka wiki hadi wiki.

Sasa niingie kwenye lako. Umeandika kwamba ikifika Alhamisi sauti imekauka, na watoto 90 wa darasa la tatu wanakungoja. Usianze kwa kununua pipi za koo. Lala chali sakafuni, magoti juu, weka kitabu tumboni. Ukivuta pumzi kitabu kiinuke, ukitoa kishuke, mabega yasihusike kabisa. Fanya hivyo dakika tano kila asubuhi kabla hujaamsha nyumba. Kisha vuma "mmm" midomo ikiwa imefungwa kwa ulegevu, mpaka usikie midomo na mfupa wa pua vinatetemeka. Hapo sauti imetoka kooni. Darasani usipige kelele, nyoosha irabu. Maneno yetu mengi yanaishia na irabu, na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tukichoka ile ya mwisho tunaimeza. Nayo ndiyo yenye habari! "Asome", "asoma", "hasomi": ukimeza mwisho, mtoto wa nyuma hajui umemwagiza au umemlaumu. Na kunywa maji kidogo kidogo siku nzima. Ikiwa sauti inakwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, nenda ukachunguzwe koo, hilo nakwambia kama nesi.

Nilikuwa nikidhani haya yote ni mambo ya mjini, mpaka mwalimu alipotusimulia habari za kwenu Kwimba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama akiwa mmoja wao, walikwenda kijiji cha Malya wakafanya kazi na wanakijiji, wakatumia michezo na ngoma kuzungumzia shida zao wenyewe, ikiwamo ya wasichana kupata mimba. Ulikuwa unajua? Muulize mama, huenda yeye anakumbuka au anamjua aliyecheza. Akaongeza habari za Mbrazili Augusto Boal, aliyekamatwa na kuteswa mwaka 1971 na kulazimika kuhama nchi yake. Katika michezo ya Boal mtazamaji anaruhusiwa kusema "Simama!", akapanda jukwaani, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine mbele ya watu wote.

Hicho ndicho tunachoandaa sasa. Mchezo wetu ni wa msichana wa sekondari anayefika kliniki peke yake kupokea majibu ya kipimo. Nesi ni mimi. Mwalimu hakujua habari ya yule mama, aliniona tu najua kushika faili.

Alhamisi iliyopita tulifanya mazoezi, wenzetu wakiwa watazamaji. Nilimweleza msichana majibu, nikifanya kama nilivyofanya siku ile, kwa makusudi, kwa sababu mchezo unataka nesi wa namna hiyo. Mama lishe akasema, "Simama." Kwa kawaida anayebadilishwa ni yule anayeonewa, lakini mwalimu alimwachia. Akaja akanipokea faili, akaliweka sakafuni. Akavuta kiti, akaketi. Hakusema kitu. Alikaa kimya akimwangalia yule binti, mpaka mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nikaanza kuogopa kwamba amesahau. Yule binti akashusha pumzi. Ndipo mama lishe akamuuliza, "Umekula?"

Neema, sikuweza kuendelea na mazoezi. Nilikwenda dirishani nikasimama. Baba mstaafu akaniletea maji, hakuniuliza kitu.

Ijumaa nilikuwa zamu ya usiku. Nilikuwa na taarifa mbaya ya kumpa binti mmoja na shangazi yake. Faili nililiacha mezani kwa wauguzi. Nilitafuta kiti, hakikuwepo, nikageuza ndoo safi nikaikalia. Niliona pumzi ya binti iko juu kifuani, nikangoja ishuke. Nilisema maneno machache kuliko ninavyosema siku zote. Waliniuliza maswali mawili, nikayajibu. Wakati wanaondoka shangazi mtu alinishika mkono akauachia taratibu, na usiku uliobaki nilifanya kazi vizuri.

Onyesho letu ni Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, saa kumi jioni, bure. Nimekutajia mapema kwa sababu wakati huo uko likizo. Panda basi, chumba cha watoto kipo, mama aje naye kama miguu itamruhusu. Nitakuwekea kiti mbele, na ukiona nesi anakosea, wewe ni mwalimu, sema "Simama" kwa sauti ile ya tumboni, upande jukwaani. Uniletee na dagaa, wale wakavu wa kwenu.

Wako akupendaye,
Zawadi